Kopo la pesa za zamani: kuzisoma, kuzipima, na kujua zipi zina thamani

Swali: Tulipokuwa tunagawana mirathi ya babu yetu hapa Tanga tulikuta kopo la maziwa limejaa pesa za zamani. Kuna mbili kubwa za fedha zenye sura ya mwanamke na mwaka 1780. Kuna za shaba zenye picha ya mizani na maandishi ya Kiarabu. Kuna za Kijerumani, nyingine zina tundu katikati, na karatasi moja chakavu imeandikwa "Eine Rupie". Nyingi ni za Afrika Mashariki zenye jina la mfalme, kisha za Mwalimu. Noti ni za mfalme, za jahazi, na chache za elfu kumi zenye tembo. Kaka yangu anataka tuzisugue kwa ndimu halafu tuzipeleke benki. Ni za lini, na zina thamani gani?

Jibu: Ndugu msomaji, kwanza mwambie kaka aweke ndimu chini. Sababu nitaieleza mbele, lakini hilo haliwezi kusubiri: sarafu iliyosuguliwa hairudi tena ilivyokuwa, na mnunuzi anayejua huona alama za kusuguliwa mara anapoigeuza kwenye mwanga.

Kuhusu benki, msitegemee sana. Kati ya vyote ulivyovitaja, benki itapokea tu sarafu ambazo bado zinatumika madukani, pamoja na noti za tembo kama ni za toleo linalotambuliwa. Vingine thamani yake iko kwenye madini, kwenye uchache, au kwenye kumbukumbu ya familia.

Watu wengi huangalia mwaka, wakiona ni wa zamani wanaona ni mali. Mwaka una nafasi yake, lakini cha kuuliza kwanza ni nani aliyeitoa sarafu hiyo. Katika pwani hii pesa ilipita mikono minne: biashara ya Bahari ya Hindi na Sultani wa Zanzibar, kisha Wajerumani, kisha Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, kisha Benki Kuu ya Tanzania. Gaweni kopo mafungu manne kwa kufuata jina la mtoaji, na nusu ya kazi itakuwa imekwisha.

Zile mbili za 1780

Hizo ni reale za Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka huohuo wa 1780. Hapa ndipo wengi huteleza. Baada ya kifo chake reale iliendelea kupigwa kwa sura ileile na mwaka uleule kwa zaidi ya karne moja na nusu, katika Vienna na baadaye pia London, Rome, Bombay na kwingineko, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki walikataa reale yenye sura tofauti. Kwa hiyo 1780 haikuambii imepigwa lini. Ya babu yenu yaweza kuwa ya karne ya 19, yaweza pia kuwa ya miaka ya 1930.

Reale halali ina uzito wa gramu 28.07, upana wa karibu milimita 40, na fedha ya sehemu 833 katika 1,000. Ikague ukingoni. Haina meno kama shilingi, ina maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyotenganishwa kwa mapambo. Chini ya sura ya malkia zipo herufi S.F. Ukingo ukiwa mtupu au una meno, mna bandia, au iliyofanywa kidani kisha ikachongwa. Kama inayo kikonyo kilichounganishwa kwa risasi au tundu lililotobolewa kwa ajili ya mkufu, hesabuni kwa uzito wa fedha tu.

Mizani na maandishi ya Kiarabu

Picha ya mizani ipo kwenye pesa za watoaji wawili tofauti, na watu huzichanganya kila siku. Pesa za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar zina mwaka wa Hijria 1299 au 1304, zote maandishi ni ya Kiarabu matupu. Za Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, zilizotolewa kwa ajili ya Mombasa, zina mizani upande mmoja, na upande wa pili jua na taji pamoja na maneno ya Kiingereza na mwaka 1888. Kwa kifupi: ukiona herufi za Kilatini popote, si ya Barghash.

Kugeuza mwaka wa Hijria kwenda Miladia, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Kwa 1299 unapata 1882. Kwa 1304 unapata karibu 1887. Tarakimu zitakuwa za Kiarabu: ١٢٩٩ na ١٣٠٤. Nne (٤) na mbili (٢) hufanana zikichakaa, basi tumieni kioo cha kukuza.

Hizi za shaba zilipigwa kwa wingi na bei yake ni ya kawaida, isipokuwa zile ambazo hazikutembea sana mikononi na bado zina wekundu wake wa asili. Barghash alipiga pia riyali za fedha na sarafu za dhahabu mwaka 1299. Ikitokea mmoja wenu ana hiyo, asiionyeshe kwa sonara kabla ya kuipiga picha na kuipima.

Za Kijerumani

Fungu hili ndilo la kukaa nalo kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna sarafu ya kawaida kabisa na mna sarafu adimu, na zinatofautiana kwa alama ndogo.

Tangu 1890 sarafu zilitolewa na kampuni binafsi. Jina lake limeandikwa kwa ukamilifu: *Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft*. Mfumo uliigwa kutoka India, yaani pesa 64 kwa rupia moja. Pesa za shaba za 1890 hadi 1892 zina tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, pamoja na mwaka wa Hijria 1307 hadi 1309. Rupia za fedha zina Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai, na nyuma kuna simba na mnazi. Rupia ina gramu 11.66, fedha ya sehemu 917 katika 1,000, sawasawa na rupia ya India, kwa makusudi, ili mfanyabiashara wa Kihindi asione tofauti akiipima. Ipo pia robo, nusu, na rupia mbili. Hiyo ya rupia mbili, ya 1893 na 1894, ndiyo ya kutafuta kwenye kopo.

Kuanzia 1904 serikali ya koloni ikachukua kazi hiyo mikononi mwake. Maandishi yakawa *Deutsch Ostafrika* bila neno *Gesellschaft*, pesa 64 zikaondoka, na rupia ikagawanywa katika heller 100. Thamani iliwekwa rupia 15 kwa maki 20 za Kijerumani. Heller ndogo za shaba zipo kwa maelfu. Kuna heller 5 ya shaba ya 1908 na 1909, kubwa kuliko kawaida, upana wake karibu milimita 37. Baadaye ikabadilishwa ikawa ya shaba na nikeli yenye tundu, kama ile ya heller 10. Angalieni herufi ndogo: A ni kiwanda cha Berlin, J ni Hamburg. Mwaka uleule wenye A unaweza kuwa wa kawaida, na wenye J ukawa wa nadra, kwa hiyo mnapoandika orodha msiiache herufi hiyo.

Kisha vita ikaja. Manowari za Kiingereza zilifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikakatika, na mwaka 1916 Wajerumani wakapiga sarafu zao wenyewe kwenye karakana ya reli karibu na Tabora. Zina herufi T. Heller 5 na 20 zilitengenezwa kwa shaba ya njano na shaba nyekundu iliyopatikana popote, yakiwemo maganda ya risasi na makombora. Mapigo yake ni ya hovyo: taji limepinda, herufi hazilingani, bapa la shaba lina nyufa. Hayo si dalili za ubandia, ndivyo zilivyotoka. Ya heller 20 ipo kwa wingi na ina aina nyingi ndogondogo. Wakusanyaji huzitenganisha kwa ukubwa wa taji na umbo la herufi.

Ya dhahabu ya rupia 15 ni habari nyingine. Ina tembo mbele ya milima, herufi T, na gramu takriban 7.17 za dhahabu ya sehemu 750. Zilipigwa karibu 16,000 tu, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ndiyo sarafu ya nchi hii inayoigizwa kuliko zote, na bandia nyingi ni shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu. Mkiikuta, kipimo cha maji nitakachoeleza hapa chini kitatoa jibu kwa dakika mbili.

Ile karatasi ya "Eine Rupie" ni noti ya dharura ya Benki ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ya 1915 au 1916. Noti za kawaida, kama ile ya 1905 ya rupia 5 yenye simba, zilipokwisha na meli hazikufika, walichapa humuhumu nchini kwenye karatasi ya aina yoyote waliyoipata. Rangi ya karatasi, tarehe na aina ya sahihi hubadilika kutoka toleo hadi toleo. Za rupia moja ndizo zilizobaki nyingi zaidi. Zile za 1917, zilizochapwa porini kwa mihuri ya mpira wakati jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, linarudi kusini, ni chache na huonekana kama kazi ya mtoto wa shule. Msiitupe kwa sababu ya ubaya wa sura yake.

Kwa nini rupia ilikufa

Hili mnapaswa kulijua ili msishangae sarafu za 1920 na 1921. Kabla ya vita rupia ilikuwa 15 kwa pauni moja. Bei ya fedha duniani ikapanda, na rupia, kwa kuwa ni fedha yenyewe, ikapanda nayo hadi kupita shilingi mbili za Kiingereza. Walowezi wa Kenya walikuwa na madeni ya rupia huku wakiuza mazao kwa pauni, wakapiga kelele. Serikali ikaifunga rupia kwenye shilingi mbili, na mwaka 1920 ikatoa florini ya thamani hiyo. Haikudumu. Mwaka 1921 Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Desemba 1919 na kukaa London, iliigeukia shilingi ya senti 100, shilingi 20 kwa pauni.

Ndiyo maana florini na senti za mwaka 1920 ni za kuwekwa kando kila mara: ziliishi muda mfupi, na nyingi zilikusanywa zikayeyushwa. Ndiyo maana pia sumni ya Bodi ya tangu 1921 imeandikwa kwa Kiingereza "nusu shilingi" pembeni ya "senti 50". Mwaka mmoja kabla, senti 50 za florini zilikuwa shilingi nzima, na mtu angeweza kupunjwa.

Zanzibar ilibaki na rupia yake hadi 1 Januari 1936, ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu kila rupia. Noti za rupia za Serikali ya Zanzibar, za kuanzia 1908, zenye jahazi na wachuma karafuu, ni miongoni mwa noti adimu kabisa za Afrika. Pekueni vitabu na misahafu ya babu ukurasa kwa ukurasa kabla hamjagawana.

Sarafu za Bodi

Fungu hili ndilo kubwa kwenye kopo, na kwa bahati mbaya ndilo la bei ndogo. Shilingi yenye simba na milima ilipigwa 1921 hadi 1952. Hadi 1946 ina robo moja tu ya fedha, zilizobaki ni shaba na metali nyingine, uzito karibu gramu 7.8. Hesabu ya fedha halisi ni gramu 1.95 kwa kila shilingi. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, haina fedha hata chembe. Mstari huo wa 1946 na 1948 ndio wa kugawia: zilizo chini yake zina bei ya madini, zilizo juu yake hazina.

Senti zenye tundu na pembe za ndovu zilitobolewa ili kupunguza metali na ili zitungwe kwenye uzi. Kwa kuwa hazina sura ya mfalme, soma jina: Georgivs V, Georgivs VI, Elizabeth II. Mtakuta na Edwardvs VIII mwaka 1936. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba mwaka huohuo, na sarafu zenye jina lake ni nadra sana Uingereza kwenyewe, hivyo watu huona picha mtandaoni wakadhani wameokota almasi. Za Afrika Mashariki, senti 5 na 10, zilikuwa zimekwisha kupigwa na kutawanywa kwa mamilioni. Wekeni moja kwa ajili ya historia yake. Za 1964 hazina jina la mtawala yeyote, zimeandikwa East Africa tu: nchi zilikuwa huru na Bodi ilikuwa inamalizia siku zake.

Noti za Bodi hadi katikati ya miaka ya 1950 zina tarehe kamili, kwa hiyo hazihitaji kubahatisha. Ipo hata noti ya shilingi moja ya 1 Januari 1943, iliyotolewa wakati vita vimefanya sarafu kuadimika. Za shilingi 100 na kwenda juu zenye sura ya mfalme au malkia hutafutwa. Za shilingi 5 na 10 zipo nyingi. Zile za jahazi ziwani ni za 1964, toleo la mwisho la Bodi. Ziliacha kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960 na hakuna ofisi yoyote leo inayozilipa.

Kwa noti, hali ndiyo bei. Mkunjo mmoja wa katikati huonekana, tundu la pini huhesabiwa, kona iliyokatika hupunguza. Noti mbili za aina moja zinaweza kutofautiana bei mara kumi kwa sababu moja ilikunjwa na nyingine haikukunjwa.

Kuanzia 14 Juni 1966

Siku hiyo Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, na noti za shilingi 5, 10, 20 na 100 zikaanza kutoka. Sarafu za mwaka huo ni nne: senti 5 ya shaba yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi yenye mwenge. Senti 10 yenye punda milia ilikuja 1977. Msisikilize matangazo yanayosema sarafu ya sungura inanunuliwa kwa mamilioni. Zilipigwa kwa mamilioni, na aliyezihifadhi si babu yenu peke yake.

Noti hazina mwaka. Zinasomwa kwa sahihi mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana. Edwin Mtei alikuwa gavana 1966 hadi 1974, akafuatiwa na Charles Nyirabu hadi 1989. Lakini Mtei alirudi kama Waziri wa Fedha 1977 hadi 1979, kwa hiyo jina halitoshi, someni na cheo kilicho chini yake.

Njia nyingine ya kukadiria umri ni kuangalia noti gani imegeuka sarafu, maana mfumuko wa bei ulizisukuma moja baada ya nyingine. Shilingi 5 ikawa sarafu miaka ya mwanzo ya 1970, ile dala yenye pembe kumi. Shilingi 10 mwaka 1987, 20 mwaka 1990, 100 na 50 katikati ya miaka ya 1990, 200 mwaka 1998, na 500 (jero) mwaka 2014, kwa kuwa noti yake ilichakaa haraka mno. Kwa hiyo noti ya shilingi 5 ya Mwalimu lazima iwe ya toleo la kwanza, kwani toleo la 1978 halikuwa nayo.

Kipekee ni sarafu za ukumbusho za 1974 zenye wanyamapori: shilingi 25 ya twiga na 50 ya faru ni za fedha, na 1,500 ya duma ni ya dhahabu. Hazikuwa za sokoni, zikipatikana huwa kwenye kasha lake. Msizitoe humo.

Sasa noti za tembo, msimbazi zenyewe. Benki Kuu iliondoa noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya 500 ya 2010. Muda wa kubadilisha ulikuwa 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Umepita. Elfu kumi zenye tembo ziko za toleo la 2003 na la 2010, na picha zinafanana, hivyo nendeni kwenye sahihi: yenye sahihi ya Gavana Daudi Ballali, aliyeondoka 2008, si pesa halali tena. Ya 2010 na kuendelea, yenye Ndulu, Luoga au Tutuba, ipelekeni dukani kama kawaida. Zile za Ballali msizitupe zikiwa safi, lakini pia msitarajie soko kwa miaka mingi, zipo tele.

Kupima bila kuharibu

Mnahitaji mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, sumaku, kioo cha kukuza mara 10, na glasi ya maji. Anzeni na sumaku. Fedha, dhahabu na shaba havinasi. Sarafu nyingi za Tanzania za mwisho wa miaka ya 1980 na baada yake hunasa kwa kuwa zina kiini cha chuma. "Rupia" inayonasa ni bandia bila mjadala.

Kisha uzito. Pungufu ya gramu 0.2 au 0.3 kwenye rupia iliyolika ni kawaida. Pungufu ya gramu 1 si kawaida.

Kipimo cha maji ni hiki. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye 0. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote, isiguse chini wala pembeni, na uukung'ute uzi ili mapovu yatoke. Namba inayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Rupia halali hutoa karibu 10.3, yaani mizani husoma karibu gramu 1.13. Reale hutoa karibu 10.2. Dhahabu ya Tabora hutoa karibu 15. Shaba iliyopakwa haivuki 9. Makosa mawili huharibu jibu: sarafu kugusa kitako cha glasi, na povu kukwama kwenye maandishi. Rudieni mara tatu. Kwa shilingi za Bodi msijisumbue, tofauti ya zenye fedha na zisizo nayo ni ndogo mno kwa mizani ya nyumbani, mwaka unatosha.

Kusafisha na kutunza

Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno na dawa ya kung'arishia shaba vyote hula ngozi ya juu ya sarafu. Weusi wa fedha na kahawia ya shaba ni tabaka jembamba linaloilinda. Likitoka, shaba hugeuka waridi mbichi, na chumvi ya hewa ya Tanga huishambulia upya ndani ya wiki chache. Bei hushuka mara moja.

Kinachoruhusiwa ni kidogo. Mchanga na uchafu wa kopo: loweka kwenye maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupozwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, lakini chupa isiwe na neno asidi, badilisha kila siku, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa laini, usipanguse. Gundi na mafuta: asetoni safi, mbali na moto, dirisha wazi. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato haifai. Unga wa kijani mpauko unaoporomoka kwenye shaba ni ugonjwa wa chumvi, nao huambukiza sehemu nyingine ya sarafu ileile palipo na unyevu. Itenge, iloweke, ikaushe vizuri, ikae pakavu. Kijani kigumu chenye uso laini kama rangi, kiacheni.

Msirudishe kitu kwenye kopo. Vifuko vya nailoni laini inayonuka (PVC) navyo hutoa asidi na kuacha utelezi wa kijani. Tumieni bahasha za karatasi zisizo na asidi au vikasha vigumu, kila sarafu peke yake, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Noti msizipige pasi, msizibandike selotepu, msizifunge kwenye plastiki ya vitambulisho. Zinyooke zenyewe katikati ya karatasi safi, chini ya kitabu kizito.

Kuuza, na sheria

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Karibu kopo lenu lote ni la baada ya hapo. Kwa reale, mwaka ulioandikwa hauthibitishi umri, lakini ofisa wa forodha atasoma 1780, hivyo msizipeleke nje kabla ya kuuliza Idara ya Mambo ya Kale. Mkikuta visarafu vidogo vya shaba, vyembamba, vya Kiarabu, visivyo na mwaka, vyaweza kuwa vya masultani wa Kilwa. Hivyo ni vya makumbusho, si vya sokoni.

Andikeni orodha kabla ya kumwonyesha mtu yeyote: mtoaji, thamani iliyoandikwa, mwaka, herufi ya kiwanda, uzito, picha pande zote mbili. Wakusanyaji hutumia namba za katalogi: za KM kwa sarafu na za Pick kwa noti. Kila sarafu ikipata namba yake, bei inatafutika. Angalieni bei zilizolipwa kwenye minada iliyokwisha, si bei ambazo wauzaji wameziomba.

Mkitangaza mna "rupia ya Mjerumani," mtapigiwa simu. Atakuja anayesema ina zebaki ndani, au huvuta punje za mchele, na kwamba mnunuzi mkubwa yupo ila inatakiwa pesa kidogo ya kipimo. Fedha haivuti mchele, na rupia ya mwaka 1890 haina kitu ndani yake ila fedha na shaba kidogo. Yeyote anayeomba malipo ili anunue, kata simu.

Kwa mirathi, ningeshauri hivi: reale, rupia na shilingi za hadi 1946 zipimwe zikagawanywe kwa uzito wa fedha safi, jambo ambalo halina ugomvi. Za Tabora, florini za 1920, noti ya "Eine Rupie" na noti kubwa za Bodi zibaki fungu moja lisilogawanywa mpaka mpate makadirio ya watu wawili wasiojuana, kisha mwenye kuhitaji achukue na kuwalipa wenzake. Zilizobaki, wapeni wajukuu.